Bibi azikwe wapi? Uchambuzi wa kisa cha msiba katika mji mdogo wa nyanda za Kanada

Kwa nini ninaandika

Nilikuwa katibu wa kamati ya msiba huu. Nimepata ruhusa ya familia kuusimulia, kwa sharti kwamba majina, mwaka na mambo mengine ya kuwatambulisha yaondolewe au yabadilishwe, na ndivyo nilivyofanya. Mji nimeutaja, kwa sababu bila historia yake kisa hiki hakieleweki. Nawaandikia hasa Waswahili wenzangu wanaoishi katika miji midogo ya ughaibuni, ambako hakuna jumuiya kubwa yenye uzoefu wa mazishi, na mtu akifa usiku wa baridi kila jambo mnaanza kulijifunzia palepale, mwili ukiwa mochwari.

Mji

Brooks uko kusini-mashariki mwa jimbo la Alberta, kando ya Barabara Kuu ya Kanada, mwendo wa karibu saa mbili kwa gari kutoka Calgary. Sensa ya 2021 ilihesabu watu 14,924. Ardhi ni tambarare, na mbingu ni pana hivi kwamba mgeni kutoka milima ya Kivu, mashariki mwa Kongo, huhisi kama paa limeng'olewa. Januari jua linachomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi, na ikifika saa kumi na moja jioni limeshazama.

Hapa ni nchi ya Siksika, watu wa Blackfoot, waliofuata makundi ya nyati muda mrefu kabla hakujawa na mji. Mkataba wa Saba, kati yao na serikali ya kikoloni, ulitiwa saini mwaka 1877, na mwaka 1883 reli ikapita. Jina la mji ni la mhandisi mmoja wa reli, Noel Edgell Brooks. Tatizo lilikuwa maji. Kampuni ya reli ya Canadian Pacific ilikuwa na ardhi kubwa ambayo hakuna mkulima angeinunua ikiwa kavu, kwa hiyo ikajenga bwawa huko Bassano kwenye mto Bow. Kati ya 1912 na 1914 ikajenga pia mfereji wa zege ulioinuliwa juu ya nguzo, urefu wake kilomita 3.2. Mfereji huo ulifanya kazi hadi 1979. Bado umesimama nje ya mji, mkavu, na watoto wetu hupelekwa kuuona na shule zao. Mwaka 1935, wakulima wakiwa wameelemewa na madeni na kampuni ikiwa imechoka kupata hasara, wakulima wenyewe waliichukua mifereji na ardhi na kuunda wilaya yao ya umwagiliaji. Mwaka 1939 wilaya hiyo ilifungua makazi ya Rolling Hills, kusini mwa mji, kwa familia zilizokimbia ukame. Jambo hili la 1939 litarudi mbele.

Baada ya maji ikaja nyama. Mazizi ya kunenepeshea ng'ombe yalianza miaka ya 1960, kiwanda cha nyama kikafuata, na miaka ya 1990 kikapanuliwa sana. Wenyeji hawakutosha kukijaza. Ndipo walipokuja Wasomali, Wasudani, Waethiopia, Waeritrea, Wafilipino, na baadaye Wakongomani wengi waliopitia kambi za Tanzania, Burundi na Uganda. Mji ukajipa jina la utani, Mji wa Salamu Mia, kwa lugha nyingi zinazosikika madukani. Umepita mengi: mgomo mkali wa mwaka 2005, mwaka uleule mji ulipopewa hadhi ya jiji, kusimamishwa kwa kiwanda mwaka 2012 kwa sababu ya vijidudu kwenye nyama, watu wakakaa nyumbani wiki kadhaa bila kujua kesho, halafu korona mwaka 2020. Aliyeyapitia hayo yote anajua kwamba saa ya mji huu ni saa ya kiwanda. Kuna zamu ya asubuhi na zamu ya jioni, na harusi, ibada, hata msiba, hupangwa kuzizunguka.

Familia

Nitamwita Bibi. Alizaliwa Fizi, Kivu Kusini. Vita vya 1996 vilimvusha Ziwa Tanganyika hadi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, Tanzania, na huko aliishi zaidi ya miaka ishirini. Mumewe amezikwa kambini. Mtoto wake wa kwanza, mwanamume, bado yuko huko. Binti yake wa tatu ndiye aliyehamishiwa Kanada pamoja na mumewe, watoto watano na Bibi. Ndugu wawili wa kiume walikuja baadaye, mmoja akakaa Brooks, mwingine Edmonton.

Bibi hakujua Kiingereza zaidi ya "thank you". Lakini majira ya joto alilima lengalenga (mchicha) na maboga nyuma ya nyumba, na jirani wa upande wa kushoto, mzee Mzungu aliyestaafu ufugaji, alikuwa akimletea maji kwa bomba lake. Wakazoeana hivyo, kwa ishara na maboga.

Yaliyotokea

Aliugua moyo Jumapili usiku, akapelekwa hospitali ya hapa mjini. Wauguzi walitoa mkalimani kwa simu, bure. Familia ilimsikiliza dakika chache ikamkataa. Mkalimani alikuwa na Kiswahili sanifu kabisa, akasema mgonjwa yuko "mahututi", na binti mtu hakulielewa neno hilo; kwao husemwa "iko mubaya sana". Zaidi ya hapo waliogopa kwamba sauti ile huenda ni ya mtu wa Calgary anayewajua, na siri za mwili wa mama zingesambaa. Basi wakamsimamisha mjukuu wa kiume wa miaka kumi na sita awe mkalimani. Saa kumi na moja alfajiri daktari alitoka, akamwambia kijana, na kijana ndiye aliyemgeukia mama yake.

Kabla jua halijachomoza nyumba ilikuwa imejaa. Binamu mmoja, msichana mdogo, aliweka picha ya Bibi na maneno ya pole kwenye simu yake, mahali ambapo kila anayemfahamu huona. Tanzania ilikuwa alasiri. Mtoto wa kwanza wa marehemu alikuwa sokoni kambini, na mtu aliyesimama karibu naye akamwonyesha simu: "Huyu si mama yako?"

Jumatatu jioni wanaume walikaa. Neno likawa moja: asafirishwe, azikwe nyumbani. Nikaandika tangazo la michango nikasema wazi kwamba fedha ni za "kumsafirisha Bibi nyumbani", nikalituma kwa watu wa Brooks, Medicine Hat, Calgary, Edmonton na Marekani. Fedha zikaanza kuingia usiku uleule.

Jumanne nilikwenda na mkwe kwenye ofisi ya mazishi. Mama aliyetupokea alitueleza polepole, akiandika kila kitu kwenye karatasi: kusajili kifo, kibali, kuupaka mwili dawa, sanduku la ndege, karatasi za nchi ya kupokea, ndege, kisha usafiri wa barabara huko ufikako. Nilipojumlisha nikaona kwamba michango, hata ingekwenda vizuri, ingefika nusu. Kisha akauliza swali ambalo sisi wenyewe hatukuwa tumejiuliza: "Huko nyumbani ni wapi hasa, na nani atamsindikiza?"

Hapo tukakwama. Fizi hakukuwa na ndugu wa karibu aliyebaki, na njia si salama. Nyarugusu ni kambi. Watoto wa Bibi waliopo Kanada hawajapata uraia. Hati ya safari ya mkimbizi waliyo nayo haiwaruhusu kwenda katika nchi waliyoikimbia. Mwili ungekwenda Kongo peke yake, kama mzigo.

Jumatano tulimpigia mtoto wa kwanza. Alikuwa na hasira ya jinsi alivyopata habari, na alikuwa na haki. Tulimwacha aseme yote. Mwishoni akasema jambo lililogeuza kikao: "Mnasema nyumbani. Hapa nilipo kuna kaburi la baba, na kambi siku moja itafungwa. Sitaki makaburi mawili ambayo hakuna atakayeyafyekea." Binti akakumbuka kwamba Bibi, akipalilia lengalenga, aliwahi kusema azikwe mahali ambapo mtoto anaweza kufika kwa miguu. Ndugu wa Edmonton akapinga kwamba yeye alimsikia akililia Fizi. Sidhani kama mmoja wao alidanganya. Mtu anaweza kuyasema yote mawili na kuyamaanisha.

Wakaamua azikwe Brooks, Jumamosi.

Matanga ya zamu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipoona watu wetu wakifanya vizuri kuliko nilivyotegemea.

Sheria ya Alberta inampa mfanyakazi aliyefikisha siku tisini kazini siku tatu za msiba kwa mwaka, bila malipo. Mtoto na mjukuu wanahesabiwa. Waliomwita Bibi "mama" kwa sababu aliwalea mlango wa jirani kule kambini, hapana. Hao walikuwa ndio wengi. Kwa hiyo akina mama waligawa matanga kama kiwanda kinavyogawa siku. Wa zamu ya jioni walitoka kazini usiku wa manane, wakaja na nguo zao za joto, wakaimba na kukesha hadi alfajiri. Wa zamu ya asubuhi walipita kabla ya kazi, wakala uji, wakarudi alasiri kupika. Nyumba haikulala siku tano, na hakuna hata mmoja aliyepoteza kazi.

Jikoni lilikuwa dogo, hivyo ugali wa muhogo ulisongwa gereji, mlango ukiachwa wazi kidogo kwa ajili ya moshi wa gesi, nje nyuzi 27 chini ya sifuri. Mvuke wa sufuria uliganda juu ya kingo za mlango ukawa utepe mweupe. Sombe (kisamvu) na dagaa wa Tanganyika vililetwa kutoka duka la Calgary na kijana aliyeendesha gari kwenye theluji kwenda na kurudi siku moja.

Jirani yule mzee alikuja siku ya pili na bakuli la viazi vilivyookwa na jibini, akasimama mlangoni. Kwa desturi yao unatoa chakula, unasema pole, unaondoka, usiwasumbue wafiwa. Kwetu kuondoka hivyo ni kuwakimbia. Mkwe akamshika mkono akamwingiza, akaketi kwenye mkeka pamoja na wanaume, kofia mapajani, saa nzima bila kuelewa neno. Kabla ya kuondoka alimwambia kijana kwamba babu yake alifika Rolling Hills mwaka 1939, na mifugo michache iliyobaki baada ya ukame, na kwamba bibi yake alilia miaka mingi kwa kuacha kaburi la mtoto kule walikotoka. Kijana alipotafsiri, chumba kizima kikanyamaza. Tangu siku hiyo, kila alfajiri, tulisikia koleo lake likikwangua theluji mbele ya nyumba ya msiba.

Kaburi

Ardhi ya Januari huku imeganda kama zege. Siku moja kabla ya mazishi mtu wa makaburini huweka kitu kama kuba la bati juu ya mahali pa kaburi na kuwasha moto wa gesi ndani yake, usiku kucha, hadi udongo ulainike ndipo mashine ichimbe. Mkwe na mimi tulikwenda kulitazama. Theluji kulizunguka ilikuwa imeyeyuka na kufanya duara, na katikati ya weupe ule wote paliota kipande cha ardhi nyeusi yenye unyevu. Mkwe alichuchumaa akaweka kiganja chake pale. "Iko na joto," alisema.

Tulikuwa tumeuliza mapema kama tunaweza kufukia wenyewe. Kwa kawaida watu huondoka na mashine hufukia baadaye. Yule bwana akatueleza kwamba udongo uliochimbwa huganda tena mabonge kabla ya ibada kwisha, hautashikika. Lakini Jumamosi alifika na ndoo mbili za mchanga mkavu aliouhifadhi ndani, akaziweka kando ya kaburi, akarudi nyuma, akavua kofia yake katika baridi ile na kubaki hivyo hadi wimbo wa mwisho. Wazee, watoto, majirani, kila mtu alichota.

Jambo moja liliharibika. Tulimwahidi mtoto wa kwanza kwamba ataona mazishi moja kwa moja. Simu zetu tatu zilizimika kwa baridi, moja baada ya nyingine. Aliona sanduku likishuka, kisha giza.

Matokeo

Baada ya uamuzi kubadilika niliandika tangazo la pili: Bibi anazikwa Brooks, hizi ndizo gharama, anayetaka mchango wake arudishiwe aseme. Familia mbili zilisema, zikarudishiwa siku hiyohiyo. Michango ililipa sehemu kubwa ya mazishi. Kilichobaki mkwe alilipa kwa miezi kadhaa kwa makubaliano. Baadaye tulijifunza kwamba serikali ya jimbo husaidia mazishi kwa familia zenye kipato kidogo, na kwamba tulipaswa kuuliza kabla ya kutia saini, si baada yake. Mafao ya kifo ya mfuko wa pensheni hayakumhusu, kwa kuwa Bibi hakuwahi kuuchangia.

Kijana aliyetafsiri hakulala vizuri majira yale yote. Mwalimu wake ndiye aliyegundua, na shule ikampa mtu wa kuzungumza naye.

Ninavyoyaona sasa

Kosa kubwa lilikuwa langu, nalo ni neno moja: "kumsafirisha". Niliomba fedha kwa kusudi ambalo bado hatukuwa tumelipima. Watu hutoa kwa kusudi. Mtu anayekata nyama saa nane kwa siku akikutumia sehemu ya mshahara wake, amekukabidhi mkono wake. Tangazo la kwanza lilipaswa kusema "msiba wa Bibi" basi, na kuahidi taarifa ya pili baada ya familia kuamua. Tangazo la pili ndilo lililotuokoa, na nina hakika kwamba bila ile ofa ya kurudisha, hesabu zetu zingezungumzwa vibaya hadi leo.

Kuhusu mkalimani, siilaumu familia. Hofu ya siri kutoka ni ya kweli mahali ambapo Wakongomani wote wa jimbo wanafahamiana. Lakini mtoto hapaswi kubeba habari ya kifo kutoka kinywani mwa daktari hadi sikioni mwa mama yake. Tungeweza kuomba mkalimani wa jimbo lingine, na tungeweza kumwomba aseme taratibu, kwa Kiswahili cha Kivu au hata kwa Kifaransa, ambacho mkwe anakijua. Hatukujua kwamba mambo hayo huombwa. Sasa ninawaambia watu wayaombe siku ya kwanza ya kwenda kliniki, wakiwa wazima.

Habari za simu ni jambo ambalo tulilijua tangu kambini tukalisahau. Zamani mjumbe alitumwa, na wafiwa wa damu waliambiwa kwanza, wameketi. Binamu yule hakuwa na ubaya. Alikuwa na huzuni na simu. Wakubwa ndio tulipaswa kukusanya vijana dakika kumi za kwanza na kuwaambia: bado mtu mmoja hajajua.

Kilichofaulu ni zamu. Wengine walilalamika kwamba matanga ya kupokezana si matanga, kwamba watu waliingia na kutoka kama kiwandani. Mimi naona kinyume. Mfiwa hakuwa peke yake hata saa moja kati ya saa 120, jambo ambalo hata kule nyumbani halitokei kila mara.

Na uamuzi wenyewe? Ulicheleweshwa na aibu. Hakuna mwanamume aliyetaka kuwa wa kwanza kusema "tumzike hapa", kwa sababu ingesikika kama kumtupa mama. Ilibidi aseme aliye mbali kuliko wote. Kama tungemwita kwenye kikao cha Jumatatu, badala ya kumjulisha Jumatano, siku mbili za mabishano zisingekuwapo, na yeye asingehisi kwamba alifiwa mara mbili, mara ya pili na ndugu zake.

Tangu hapo tumeanzisha mfuko wa kudumu. Kila kaya inatoa kidogo kila mwezi, na daftari linasomwa mbele ya wote. Kila anayejiunga anajaza karatasi yenye maswali matatu: uzikwe wapi, nani aambiwe kwanza, nani atafsiri. Wazee wengine hulikataa swali la kwanza. Tunaliacha wazi na kuwauliza tena mwakani.

Jiwe la kaburi liliwekwa majira ya joto, udongo ulipotulia. Ni dakika kumi na tano kwa miguu kutoka nyumbani. Mwezi wa Julai mtoto wa kwanza aliomba kutumiwa udongo kidogo, auweke juu ya kaburi la baba yake kule Nyarugusu. Kijana wa miaka kumi na sita, sasa kumi na saba, alikwenda kuuchota mwenyewe. Uko dirishani jikoni, ndani ya kopo la majani ya chai. Bado hatujapata mtu anayesafiri kwenda Kasulu.